Mali Inayolala Mpakani

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya Mbeya na Iringa, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Leo ni siku ya furaha, na hapana mtu katika uwanja huu asiyejua sababu yake. Chama kilichoanza na daftari moja na mizani ya kuazima kimetimiza miaka kumi, na wenye kutubashiria kuwa tutavunjika kabla ya mavuno ya pili wamo humu humu wakila pilau pamoja nasi. Tunawakaribisha kwa moyo mweupe. Walakini desturi ya mkulima ni kwamba hata siku ya arusi hasahau kutupa jicho mbinguni kutazama mawingu. Kwa hiyo tumeona yafaa, kabla ngoma hazijaanza tena, tuseme nanyi juu ya jambo ambalo limeulizwa katika kila mkutano mkuu wetu: kwa nini mali yetu hulala mpakani, nani huulipia usingizi huo, na je, tuendelee kuipeleka huko au tuache?

Twajua kwamba baadhi ya vyama vya msingi vimekwisha kuandika shauri lao. Wanasema Chama Kikuu kiache kabisa kuuza nje ya nchi, na kila chama kimpokee mnunuzi pale pale ghalani, achukue mzigo wake na hatari yake, nasi tubaki na fedha zetu mkononi. Shauri hili limetolewa na watu wenye akili na wenye uchungu wa mali yao, wala hatulidharau. Litapigiwa kura katika mkutano ujao. Twaomba tu kwamba, kabla ya kura hiyo, sote tulijue jambo lenyewe lilivyo, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na nchi yetu ilivyokaa. Barabara kuu ya zamani iliyotoka kusini mwa Afrika kwenda kaskazini iliingia Tanganyika kwa Tunduma, ikapita Mbeya, ikapanda Iringa, ikashuka Dodoma, ikaenda Arusha na kutokea Namanga. Itazameni vema, nanyi mtaona kwamba sisi wa Nyanda za Juu za Kusini tunakaa katika nyumba yenye milango miwili. Mchele wa Kyela na Usangu, maharage ya Mbeya na mahindi ya Mbozi huvutwa na mlango wa Tunduma kwenda Zambia na Kongo, au na mlango wa Kasumulu, kwenye mto Songwe, kwenda Malawi. Mahindi ya Iringa hupanda kaskazini hadi Namanga kwenda Kenya. Tangu mwaka 2016 Tunduma imo katika Mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka Mbeya, lakini mkulima hakubadilisha njia kwa sababu ya mkoa kubadilisha jina. Basi tunapozungumza habari za mipaka, twazungumza habari za vizingiti vya nyumba yetu wenyewe.

Vizingiti hivyo vina historia, na historia hiyo inatufundisha. Tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wa wachache, na haukupita muda mrefu mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipita kusini yakakatika. Ndipo mapipa ya mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, katika barabara ambayo wakati ule ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, hata dunia nzima ikaiita kwa jina la kuifananisha na jehanamu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka malori yaliyolala ubavuni katika mteremko wa Kitonga. Kutokana na dhiki hiyo likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Ikaja lami. Ikaja reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai, 1976.

Lakini sikilizeni na upande wa pili wa habari hiyo. Mwezi wa Januari, 1973, Smith aliufunga mpaka wake na Zambia. Baadaye alipotaka kuufungua, Zambia ilikataa, na ikavumilia kwa zaidi ya miaka mitano ikitegemea njia nyingine, kubwa kati ya hizo ikiwa hii yetu. Mwezi wa Oktoba, 1978, Rais Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini. Na jambo gani hasa lililomlazimisha? Mbolea. Mbolea ya wakulima wa Zambia ilikuwa imekwama njiani na bandarini, na mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Taifa lililostahimili vita na vikwazo halikuweza kustahimili mbolea kufika baada ya mvua. Nasi tulio wakulima hatuna haja ya kufafanuliwa maana yake. Mpaka hauna haja ya kufungwa ili umwumize mkulima, yatosha uchelewe.

Huku kaskazini nako hali haikuwa njema. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba, 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza tarehe 1 Januari, 2005. Kwa hiyo gunia la mahindi ya Iringa likienda Kenya linakwenda ndani ya umoja mmoja wa forodha. Gunia hilo hilo likienda Zambia au Malawi linatoka katika umoja huo. Nchi hizo mbili zimo pamoja nasi katika SADC, na ni kwa hati ya asili ya SADC tunaweza kupata nafuu ya ushuru huko. Zimo pia katika COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Hivyo karatasi rahisi ambazo COMESA imewatengenezea wachuuzi wadogo wa nchi zake hazituhusu sisi. Haya si maneno ya wanasheria peke yao. Ndiyo sababu mama mwenye magunia matano ya mchele Tunduma hukutana na karatasi ambazo mwenzake wa Namanga hakuulizwa.

Sasa tuiangalie mali inayolala. Lori likisimama mpakani, mtu asiyejua hudhani kwamba hakuna kinachotumika, kwa kuwa magurudumu hayazunguki na mafuta hayachomwi. Tufanye hesabu, na hesabu hii ni mfano tu. Lori limebeba tani 30 za mahindi, yaani magunia 300 ya kilo 100. Mwenye lori anadai shilingi 250,000 kwa kila siku ya kusimama. Lori limelala siku sita. Hiyo ni shilingi 1,500,000. Gawanyeni kwa magunia 300, nanyi mtapata shilingi 5,000 kwa kila gunia. Fedha hiyo hailipwi na mpaka, wala na wakala, wala na mnunuzi wa Lusaka. Hukatwa katika bei ya mkulima ambaye hata Tunduma hajapata kuiona. Yeye huambiwa tu kwamba bei mwaka huu si nzuri.

Na hiyo ni mahindi, ambayo huweza kungoja. Nyanya za Ilula zikiwa ndani ya matenga haziwezi kungoja. Ndizi za Rungwe haziwezi. Parachichi likikosa baridi kwa siku chache halifai tena kwa sokoni ila kwa nguruwe. Hata mahindi yenyewe huharibika kwa siri. Kiwango cha Afrika ya Mashariki chataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Lori likisimama chini ya mvua na turubai lina tundu moja, magunia ya juu hunyonya maji, nayo joto la katikati ya shehena huamsha ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mzigo ulioondoka ghalani ukiwa safi hufika ukiwa mgonjwa, na mwenye ghala ndiye anayelaumiwa.

Tena tusiwasahau madereva na utingo wao. Watu hawa hulala siku nyingi ndani ya lori, wakilinda mali isiyo yao, wakinunua maji ya kuoga, wakila kwa posho iliyohesabiwa kwa siku tatu nao wamo siku ya saba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na matumbo yanayoumia kwanza ni ya hao.

Ndugu Wanachama, tumezitazama sababu za ucheleweshaji, nasi twaona kwamba zote zaingia katika mafungu matatu. Twaomba muyatenge kichwani mwenu, kwa kuwa kila moja lina dawa yake, na mtu akipeleka dawa ya homa kwa mguu uliovunjika hatapona.

Fungu la kwanza ni ucheleweshaji wa serikali kwa serikali. Tarehe 5 Machi, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, na malori yakasimama Namanga. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, mzigo uwe na hati ya asili, na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Mwezi wa Mei, 2020, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi, 2025, Malawi ilizuia kuingizwa kwa mazao kadhaa, na katika hayo ulikuwamo mchele, mahindi na ndizi, yaani vitu ambavyo Kyela na Rungwe huvilima. Tanzania ikajibu mwezi wa Aprili kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi na ya Afrika ya Kusini, hata mazungumzo yakafanyika na zuio likaondolewa. Na serikali yetu wenyewe mwaka 2017 ilizuia mahindi yasitoke nje kwa kuhofia njaa. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mkulima mmoja hana la kufanya hapa, wala chama kimoja cha msingi hakina. Bali Chama Kikuu kikishikamana na vyama vikuu vingine huweza kusema kabla zuio halijaandikwa, na kuomba angalau jambo moja la haki: kwamba mzigo uliokwisha kuwa barabarani siku ya amri uruhusiwe kupita.

Fungu la pili ni ucheleweshaji wa mahali penyewe. Tunduma ni mji uliokua juu ya mstari. Malori ya shaba yanashuka kwenda Dar es Salaam, na malori ya mafuta, mbolea na vyombo yanapanda kwenda Zambia na Kongo, yote yakipita mahali pamoja, na foleni yake hufika kilomita nyingi. Kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba, 2019, na Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Lungu wa Zambia. Maana yake ni hii: zamani lori lilisimama mara mbili, kwanza kutoka na kisha kuingia, kwa utaratibu huu lori linalotoka kwetu hukaguliwa upande wa Nakonde na maofisa wa nchi zote mbili, na linaloingia hukaguliwa upande wa Tunduma. Jambo hili ni jema, nalo limeondoa usumbufu mwingi. Lakini kituo kimoja hakiondoi foleni iliyo barabarani kabla ya kukifikia, wala hakibadilishi saa.

Ndiyo, saa. Wengi hawalitii hili maanani. Saa ya Zambia na ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja nzima. Benki au wakala wa Nakonde akifungua mlango saa mbili asubuhi, Tunduma ni saa tatu. Ofisi ya upande wetu ikifunga saa kumi jioni, wao bado wanahesabu saa tisa. Basi kazi inayohitaji ofisi za pande mbili hupoteza saa moja asubuhi na saa moja jioni. Na sikukuu hali kadhalika. Sisi tunaadhimisha Siku ya Wakulima tarehe 8 Agosti. Zambia huwaadhimisha wakulima wao Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo huo. Lori lisilo na kalenda ya nchi mbili huweza kulala mara mbili kwa heshima ya wakulima, na mali ya mkulima ikioza ndani yake.

Fungu la tatu ni ucheleweshaji wa karatasi, na hili ndilo lililo karibu zaidi na mikono yetu. Mzigo wa mazao unaotoka nchini huandamana na ankara, orodha ya vifurushi, tamko la forodha, hati ya asili, cheti cha afya ya mimea, na kibali cha kuuza nje pale kinapotakiwa, na mara nyingine cheti cha kupimwa sumukuvu. Karatasi hizi hutoka katika ofisi mbalimbali, lakini ofisa wa forodha huzisoma zote pamoja juu ya meza moja. Ankara ikisema tani 30 na cheti cha afya kikasema tani 28, yeye hana njia ya kujua ipi ni kweli ila kwa kushusha mzigo na kuupima. Jina la mpokeaji likiandikwa kwa herufi moja pungufu, mzigo hauna mwenyewe. Nambari ya tela ikibadilishwa njiani kwa sababu ya pancha na karatasi zisibadilishwe, hilo si tela lile.

Tena kuna nambari ya bidhaa, inayotumiwa na forodha za karibu dunia nzima. Lugha yetu ina utajiri hapa: twasema mpunga ungali na maganda, mchele umekwisha kukobolewa, na wali umekwisha kupikwa. Kiingereza kinachotumiwa katika fomu kina neno moja kwa yote matatu. Lakini nambari za forodha zinakubaliana na Kiswahili kuliko Kiingereza: mpunga ni 1006.10, na mchele uliokobolewa na kusafishwa ni 1006.30. Mtu akiandika lile neno moja la Kiingereza, kisha akaweka nambari ya mpunga juu ya magunia ya mchele, amejifungia mlango mwenyewe. Karani aliyezaliwa Kyela hawezi kukosea jambo hili kama atauliza swali kwa lugha ya mama yake kabla ya kujaza fomu kwa lugha ya wageni.

Na kabla ya karatasi kuna mizani. Sheria ya Jumuiya iliyoanza kutumika kwetu mwaka 2019 huweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Lori likizidisha huzuiwa Makambako au Mpemba kabla halijauona mpaka.

Haifai tuwafanye maofisa wa forodha kuwa adui zetu. Shule, barabara na dawa hutokana kwa sehemu kubwa na kodi wanazozikusanya, na mdudu mgeni akiingia katika mashamba yetu kwa mbegu isiyokaguliwa, sisi ndio tutakaolia. Twataka ukaguzi, tusichokitaka ni kungojea bila kujua twangojea nini. Sheria yenyewe imekubali tofauti hiyo. Mkataba wa Urahisishaji wa Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari, 2017, na ambao Tanzania imeuridhia, waagiza kwamba mali zinazooza zitolewe katika muda mfupi iwezekanavyo. Na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa mtu asiyeridhika na uamuzi wa forodha siku 30 za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya kwa maandishi. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu katika muda huo huhesabiwa kwamba ameyakubali maombi. Ni wakulima wangapi wanaoijua haki hiyo? Haki isiyojulikana ni kama mbegu iliyosahauliwa ndani ya chungu.

Kuna na njia nyingine ambayo twaitaja ili tuikatae. Mtu hutokea katika foleni na kusema kwamba kwa kiasi kidogo cha chai lori lako litasogea. Pengine husogea kweli. Lakini mwenye kulipa leo amewafundisha wote kwamba kusimama kwa lori ni shamba lenye mavuno, na kesho yatasimama mengi zaidi. Chama cha ushirika hakiwezi kuandika chai katika daftari la mapato na matumizi, na kisichoweza kuandikwa katika daftari letu hakina ruhusa ya kutoka katika kasha letu.

Sasa twarudi kwenye shauri la kuacha. Tuseme tumeacha. Mnunuzi anakuja ghalani. Je, mpaka umeondoka? La. Foleni ya Tunduma iko pale pale, saa moja ya tofauti iko pale pale, nayo ile shilingi 5,000 ya kila gunia iko pale pale. Mnunuzi anaijua, na kwa kuwa hajui lori lake litalala siku mbili au kumi, atakata ya siku kumi. Ikiwa limelala mbili, zile nane ni zake. Juu ya hayo atataka gunia lililoshonewa kilemba, ile lumbesa ambayo tumepigana nayo tangu siku ya kwanza ya chama hiki. Kwa hiyo mwenye kuuza ghalani haikimbii gharama ya mpaka. Anailipa bila kuiona, na kwa hesabu iliyofanywa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo tofauti yote, Ndugu Wanachama. Ushirika ulianzishwa ili mkulima aione hesabu yake.

Hatusemi kwamba kila zao lazima livuke. Nyanya ambazo haziwezi kungoja siku tatu ziuzwe Dar es Salaam au Dodoma, ambako hakuna kizingiti. Lakini mchele, maharage, mahindi na kahawa vina nguvu ya kungoja kidogo, na vina bei njema ng'ambo. Kwa mazao hayo Halmashauri inaleta mbele yenu mapendekezo matano, yajadiliwe katika vyama vya msingi na kuamuliwa katika mkutano ujao pamoja na lile shauri la kuacha.

La kwanza, karatasi zitangulie mzigo. Lori lisitoke ghalani mpaka tamko la forodha limekwisha kuingizwa katika mtambo na karatasi zote zimesomwa pamoja na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole, kama tulivyofundishwa kusoma darasa la kwanza.

La pili, tuwe na karani wetu Tunduma wakati wa msimu, mtu wa mshahara na si wa ujira wa kila lori, mwenye kalenda za nchi zote na saa mbili ukutani.

La tatu, kila lori liwe na daftari la safari, ambamo huandikwa saa ya kutoka, saa ya kupita mizani, saa ya kuingia foleni, saa ya kukabidhi karatasi na saa ya kuruhusiwa. Jumuiya tatu, yaani Afrika ya Mashariki, COMESA na SADC, zina utaratibu wa pamoja wa kupokea malalamiko juu ya vikwazo visivyo vya kodi. Lakini lalamiko lisemalo "tulikaa sana" halina mguu. Lalamiko lenye siku, saa na sababu husimama.

La nne, mapatano na mnunuzi yataje kwa maandishi nani anayelipa siku za kungoja, na tangu siku ya ngapi. Neno lililoachwa wazi katika mapatano hujazwa na mwenye nguvu.

La tano, tuwe na mfuko wa kungojea. Kila gunia linalovuka litoe kiasi kidogo, na lori likilala zaidi ya siku zilizotarajiwa gharama itoke katika mfuko huo, isimwangukie mwanachama mmoja ambaye kwa bahati mbaya magunia yake ndiyo yaliyokuwamo katika lori lile. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ajali ikigawanywa kwa watu elfu huwa ushuru mdogo. Ikimwangukia mmoja humfilisi.

Mapendekezo haya hayana miujiza. Hayatafupisha foleni ya malori ya shaba, wala hayatamzuia waziri wa nchi yoyote kutoa amri usiku ikasomwa asubuhi. Yatakayoweza ni kupunguza lile fungu la tatu lililo mikononi mwetu, na kuyafanya yale mawili mengine yasimmalize mtu mmoja peke yake. Anayeona kwamba hayatoshi na asimame mkutanoni aongeze la sita. Anayeona bado ni heri kuacha, naye asimame aonyeshe hesabu yake, nasi tutaisikiliza kwa heshima, tukiiweka kando ya hii yetu, ili wanachama wachague wakiwa wameona zote mbili.

Nakala za mapendekezo zimewekwa mezani kwa katibu, kila chama cha msingi kichukue mbili. Mzisome, mzijadili chini ya mti wenu, na mje mkutanoni na majibu.